Falsafa Isiyo na Kipindi: Dini na Maadili katika Vidato vya Juu vya Temeke

Neno falsafa si geni katika Kiswahili. Lilizaliwa kwa Wayunani, likapita katika Kiarabu, na likafika pwani ya Afrika ya Mashariki likiwa na ndugu zake: mantiki, hoja, dhana, yakini na burhani. Nayo pwani haikulipokea kuwa pambo la maneno. Yapata miaka mia mbili iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliusimamisha moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate, akauhoji kwa nini haukutaka kuyafahamu mambo ambayo macho yalikwisha kuyaona. Mtu ahojiye namna hiyo yumo katika kazi ya falsafa, awe amelitaja neno hilo au hakulitaja.

Haya yakikumbukwa, hali ya vidato vya mwisho vya shule za Tanzania huonekana kuwa ya ajabu kidogo. Hapana somo liitwalo Falsafa katika Kidato cha Tano wala cha Sita. Lakini maswali ya falsafa hayakufukuzwa shuleni. Yaligawanywa mafungu matatu, na kila fungu likatiwa katika chumba chake. Fungu la kwanza limewekwa katika Taaluma za Jumla, somo ambalo wanafunzi wenyewe hulitaja kwa herufi mbili tu, GS. La pili limo katika masomo ya dini, yaani Diviniti kwa Wakristo na Maarifa ya Uislamu kwa Waislamu. La tatu limo katika fasihi ya Kiswahili, ambamo kila riwaya na kila tamthilia hudaiwa kuwa na kitu kiitwacho falsafa ya mwandishi. Yafaa kuuliza mwanafunzi anapata nini katika kila chumba, na anapoteza nini kwa sababu ya kuta zilizojengwa baina ya vyumba hivyo.

Mahali panapofaa kuuliza swali hilo ni Temeke. Barabara ya Kilwa hushuka kusini kutoka upande wa bandari, ikapita Mtoni na kufika Mbagala, na katika safari hiyo fupi msafiri huona misikiti na makanisa yakipakana kama maduka ya Tandika. Wenyeji wa Uzaramo, watu wa Rufiji na Kilwa, na wageni kutoka bara wameishi humo nyumba kwa nyumba kwa muda mrefu, wakishirikiana kisima, soko na msiba. Tena Chang'ombe, ndani ya Temeke, kipo Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 2005, ambako hufunzwa walimu watakaoingia katika vidato vinavyozungumzwa hapa. Kwa hiyo anayetaka kujua mafunzo haya yana kazi gani katika maisha hana haja ya kwenda mbali. Akitoka katika lango la chuo, jibu limo mitaani.

Sababu nyingine ya kuichagua Temeke ni chungu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2012, huko Mbagala, watoto wawili walibishana juu ya dini. Habari zilizotangazwa zilisema kwamba ubishi ulihusu jambo litakalompata mtu anayeunajisi msahafu, na kwamba mmoja wao, aliyekuwa Mkristo, alithubutu kulijaribu. Ijumaa ya tarehe 12 umati ulikusanyika, ukadai mtoto yule, na makanisa kadhaa yakavamiwa na kuchomwa moto. Polisi walitumia mabomu ya machozi, na watu wengi wakakamatwa. Watoto wale walikuwa wadogo. Hawakuwa wamefika katika vidato vya juu, na haitakuwa haki kuwatwika mzigo wa watu wazima. Lakini tukio lile linafundisha jambo moja kwa uwazi. Watoto wale walikuwa na swali la kweli la elimu: mtu ajuaje kama jambo linaloaminiwa ni kweli? Waliliuliza kwa njia moja tu waliyoijua, nayo ni kutenda, kisha kungoja mwujiza. Na wakubwa waliowazunguka, miongoni mwao watu waliosoma, walijibu kwa njia moja tu waliyoijua wao. Baina ya kutenda na kuchoma palikosekana kitu cha tatu, yaani mazungumzo yenye adabu na hoja. Kazi ya kulea mazungumzo hayo, kama shule haiifanyi katika miaka yake ya mwisho, yafaa ijulikane nani anaifanya.

Chumba cha kwanza ni Taaluma za Jumla. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi wa vidato hivyo, awe wa sayansi, wa biashara au wa sanaa, amelisoma somo hili, na ndani yake imo mada ya falsafa na dini. Jambo hilo ni la kusifiwa. Aliyepanga mada hiyo aliona kwamba mhandisi na mganga, kama mwanasheria, watahitaji siku moja kufikiri juu ya wema na kweli. Lakini namna mada ilivyozoewa kufundishwa inaidhoofisha nia hiyo njema. Mwanafunzi hupewa maana ya falsafa. Hupewa matawi yake, yaani elimu ya kuwako, elimu ya kujua, mantiki na maadili. Hupewa uhusiano wa falsafa na dini. Mwishowe hupewa umuhimu wa falsafa kwa nukta zenye namba. Hayo yote huandikwa daftarini kama orodha ya vyombo vya nyumba ambayo hakuna aliyeingia. Ajuaye kwamba mantiki ni tawi la falsafa hajapata kupima hoja hata moja. Ajuaye kwamba maadili huchunguza jema na baya hajapata kuulizwa kama kondakta aliyezidishiwa nauli na abiria mlevi afanye nini na fedha ile.

Tena somo hilo limefundishwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mafunzo ya sekondari. Hapana ubaya katika kujifunza lugha ya watu. Lakini mtu aulizwapo juu ya haki, aibu, wivu au msamaha, hufikiri vyema zaidi kwa lugha ambayo aliwahi kuonea aibu na kuombea msamaha. Mwanafunzi wa Temeke anajua tofauti baina ya mtu na mwenye utu, baina ya kusema uongo na kusitiri, baina ya dhana na yakini. Tofauti hizo ni mali ya falsafa. Zinapoachwa mlangoni, kinachoingia darasani ni kumbukumbu tu. Na kwa kuwa somo hili halihesabiwi pamoja na masomo matatu ya tahasusi, mwanafunzi mwenye akili ya mitihani hulipa saa chache za mwisho, ndipo hukariri nukta zake na kuziacha katika karatasi ya mtihani.

Chumba cha pili kina heshima kubwa zaidi, maana ndani yake hakuna anayecheza. Masomo ya dini huchaguliwa na wanaoyapenda, na huwafunza jambo ambalo Taaluma za Jumla hazifunzi: kusoma maandiko kwa makini, neno kwa neno, na kujua kwamba tafsiri ina kanuni. Mwanafunzi wa Maarifa ya Uislamu akifundishwa vema huelewa kwamba sheria haitoki katika aya peke yake, bali kuna Sunna, kuna makubaliano ya wanavyuoni na kuna kiasi, yaani kulipima jambo jipya kwa jambo lililokwisha kuhukumiwa. Mwanafunzi wa Diviniti akifundishwa vema huelewa kwamba nabii Amosi aliwakemea watu waliokuwa wakisali vizuri na kuwadhulumu maskini. Uzito wa masomo haya katika nyoyo za watu ulionekana mwaka uleule wa 2012, matokeo ya Kidato cha Sita katika somo la Maarifa ya Uislamu yalipolalamikiwa, ikabainika kwamba ukokotoaji ulikuwa na kosa, na Baraza la Mitihani likayarekebisha. Alama za mtihani zilikuwa zimegusa kitu ambacho ni kikubwa kuliko alama.

Hata hivyo chumba hiki kimekatwa nusu kwa ukuta. Kipindi cha dini kifikapo, darasa lililokaa pamoja tangu asubuhi hugawanyika, huyu akaenda kwa mwalimu wake na yule kwa wake, na hurudi wakakaa tena pamoja bila kuulizana kilichosemwa. Mpango huu una hekima yake. Dola isiyokuwa na dini, yenye raia wenye dini, haiwezi kumlazimisha mtoto kufundishwa imani ya mwenziwe, na wazazi wa Temeke, wa pande zote mbili, wana haki ya kutaka hivyo. Lakini kutolazimisha ni jambo moja, na kutojua ni jambo jingine.

Mfano mmoja utatosha. Hadithi ya Ibrahimu aliyeamriwa kumtoa mwanawe kuwa sadaka inasomwa katika nusu zote mbili za chumba. Katika kitabu cha Mwanzo, mwana, ambaye ni Isaka, humwuliza baba yake yuko wapi mwana-kondoo wa sadaka, na baba hujibu kwamba Mungu mwenyewe atampata. Katika Kurani, Sura ya Saffat, baba humweleza mwanawe ndoto aliyoiota na kumtaka shauri lake, na mwana huridhia. Waislamu wengi husema mwana huyo ni Ismaili. Tofauti hii si ndogo. Katika simulizi moja mwana huuliza na hakuambiwa yote. Katika nyingine huambiwa na hukubali. Papo hapo huzuka maswali ambayo wanafalsafa wamehangaika nayo kwa karne nyingi, na ambayo Kierkegaard wa Denmark aliyatungia kitabu kizima mwaka 1843: je, amri ya Mungu yaweza kupita sheria ya wema? Je, ridhaa ya anayetolewa hubadili tendo? Mwanafunzi Mwislamu na mwanafunzi Mkristo wa darasa moja, waliokula pamoja nyama ya Idi iliyochinjwa kwa kumbukumbu ya hadithi hiyo, kila mmoja ameshika nusu ya swali, na shule haikuwapa hata siku moja nafasi ya kuunganisha nusu hizo.

Lililokataliwa darasani halikufa, lilikwenda uwanjani. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vya Dar es Salaam vilijaa mihadhara ya mlingano wa dini. Wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi, wahubiri wa Kikristo wakasimama kuwajibu, na vijana walihudhuria kwa maelfu, kanda za sauti zikauzwa sokoni. Waliolaumu mihadhara hiyo kwa sababu ya kashifa walikuwa na haki ya kulaumu. Lakini mhakiki mwadilifu hana budi kukiri kwamba vijana wale hawakwenda kutafuta matusi tu. Walikwenda kwa sababu pale, na pale peke yake, maandiko mawili yaliwekwa juu ya meza moja na mtu akaruhusiwa kuuliza. Upungufu wa mihadhara haukuwa ulinganishaji wake. Upungufu wake ulikuwa kwamba kila upande ulikuja ukiwa na hukumu mfukoni, na msikilizaji alihesabu mabao kama aliyekwenda kutazama mpira. Shule ingaliweza kuuchukua ulinganishaji na kuuacha ushindani. Badala yake iliviacha vyote viwili, na uwanja ukamfunza kijana kwamba kubishana juu ya dini ni kushinda au kushindwa. Umati wa Mbagala haukuzuka katika jangwa.

Kipo chumba cha tatu, nacho ndicho kinachowahusu zaidi wasomaji wa fasihi. Katika chumba hiki Mwislamu na Mkristo huketi pamoja, husoma kitabu kimoja, kwa lugha moja wanayoimiliki wote. Kama kuna mahali ambapo falsafa ingeweza kupata kipindi bila ya kubadili ratiba, ni hapa. Tazama Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa mwandishi, nayo ni riwaya iliyosomwa sana katika Kidato cha Tano na cha Sita. Mwana wa mfalme ni mgonjwa, na inasemwa kwamba dawa yake ni kafara: mjinga mmoja na mwerevu mmoja wauawe ili apone. Hili ni swali la Ibrahimu limerudi katika mavazi ya nchi ya kubuni. Sasa hakuna amri ya Mungu. Ipo kauli ya watabiri na mapenzi ya baba mwenye mamlaka. Hakuna ridhaa ya wanaotolewa. Upo utii wa raia. Na wanaochaguliwa wawili, mjinga na mwerevu, wanamlazimisha msomaji aulize kama uhai wa mtu una bei inayopanda na kushuka kwa kadiri ya akili yake. Mwalimu angewauliza wanafunzi wake waiweke hadithi hii kando ya ile waliyoisoma katika vipindi vyao vya dini, vyumba vitatu vingekuwa nyumba moja kwa saa nzima.

Lakini sivyo ifanywavyo. Kitabu hupasuliwa kwa kisu kilekile kila mwaka: dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo, na mwishoni falsafa ya mwandishi. Mwanafunzi huandika kwamba falsafa ya Shaaban Robert ni utu, na kwamba mwandishi anaamini wema hushinda uovu. Mtahini hutia alama, na wote wawili huendelea. Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ambayo tahakiki hii inataka kuionyesha. Neno falsafa limegeuzwa kuwa jina la jambo analoliamini mtu, ilhali asili yake ni jina la kazi aliyoifanya mtu kabla ya kuamini, au baada ya kuamini, ili aone kama imani yake inasimama. Kwa desturi hii kila mtu ana falsafa kama kila mtu alivyo na kabila, wala haidaiwi sababu. Kosa hilohilo limo katika chumba cha kwanza, ambamo falsafa ni maana ya kukariri. Limo pia katika chumba cha pili kila mara swali linapozimwa kwa kutajiwa sura na mstari. Katika vyumba vyote vitatu mwanafunzi hupewa jibu na kunyimwa njia.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, huonyesha hasara hiyo waziwazi zaidi. Tamthilia hii ina haki ya pekee Temeke, maana barabarani Chang'ombe ipo shule ya sekondari yenye jina la Kibasila, jumbe wa Uzaramo aliyenyongwa na Wajerumani kwa ajili ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika tamthilia, Kinjeketile huwapa watu maji na neno la umoja. Baadaye yeye mwenyewe huingiwa na shaka juu ya asili ya neno lile. Watu huenda vitani wakiyategemea maji, na risasi huwaua. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, rafiki yake Kitunda humsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye hukataa, kwa kuwa anawafikiria vizazi vitakavyokuja. Katika daftari la mtihani jambo hili huwa nukta moja: falsafa ya mwandishi ni kwamba umoja ndio silaha ya ukombozi. Nukta hiyo si uongo. Lakini imeziba mlango wa swali ambalo mwandishi alilifungua kwa makusudi. Je, ni halali kuwaachia watu imani ambayo mwenyewe una shaka nayo, ikiwa imani hiyo inawafanya wasimame wima? Na waliokufa kwa kuiamini, nani anawajibika kwao? Hayo ndiyo maswali ya watoto wa Mbagala, yameinuliwa kufika kimo cha watu wazima: ukweli wa jambo linaloaminiwa, namna ya kulijaribu, na gharama ya kulijaribu. Kijana aliyewahi kulibishania suala la Kinjeketile kwa saa mbili, akasikia hoja nzuri upande asioupenda, amepata mazoezi ambayo siku moja yatamfaa mtaani.

Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2020, alikwenda mbali zaidi. Katika Kichwamaji ya 1974 alimweka kijana msomi, Kazimoto, katika hali ambayo dini ya wazee na elimu ya chuo zote mbili hazimjibu, na mwisho wake ni kujiua. Wako waliokiogopa kitabu hicho, na hofu yao haikuwa ya kijinga, kwa sababu kitabu chenye giza kikitupwa mikononi mwa kijana mpweke chaweza kumdhuru. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kusoma pamoja na mwalimu, si kutosoma. Kijana wa miaka 18 atauliza kama maisha yana maana, awe amepewa ruhusa au hakupewa. Tofauti ni kama atauliza mbele ya wenziwe na mtu mzima, au atauliza peke yake usiku.

Zipo hoja za upande wa pili, na haki yazitaka zisikilizwe. Hoja ya kwanza husema kwamba falsafa hudhoofisha imani. Historia ya Uislamu na ya Ukristo haikubaliani na hoja hiyo kwa urahisi. Ibn Rushd alikuwa kadhi. Thomas Aquinas alikuwa mtawa. Wote wawili waliona kwamba akili ni kipaji cha Mungu, na kwamba kuikataa si heshima kwa aliyeitoa. Imani iliyoulizwa na ikajibu huwa na mizizi zaidi ya imani ambayo haikupata kuulizwa, ndiyo maana haikimbilii kibiriti. Hoja ya pili husema kwamba falsafa ni ya Wazungu. Kwa hiyo yafaa kukumbukwa kazi ya Henry Odera Oruka wa Nairobi, aliyewatafuta wazee wenye busara na kuyakusanya mazungumzo yao katika kitabu cha mwaka 1990. Oruka alitofautisha baina ya mzee ajuaye hekima ya watu wake na mzee aipimaye hekima hiyo. Tofauti hiyo ingetosha kuwa mtaala. Kiswahili kinasema kuuliza si ujinga, na Kiswahili hichohicho kinasema akili nyingi huondoa maarifa. Mwanafunzi azijuaye methali zote mbili ni mzee wa kwanza. Mwanafunzi awezaye kueleza ni lini hii ina haki na ni lini ile, na kwa nini, ameanza kuwa mzee wa pili.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya walimu wenyewe. Madarasa yamejaa, mtihani uko karibu, na swali lisilo na jibu moja halina namna rahisi ya kusahihishwa. Hoja hii haijibiwi kwa kuwalaumu walimu. Mwalimu hufundisha kile mtihani unachokiuliza, na mtihani ukiuliza orodha, orodha itafundishwa. Basi mabadiliko yanapaswa kuanzia katika swali la mtihani. Badala ya kutaka falsafa ya mwandishi itajwe, swali lingeweza kutaka mwanafunzi atoe sababu bora mbili za Kitunda na sababu bora mbili za Kinjeketile, kisha aonyeshe ni zipi zenye uzito na kwa nini. Jibu la namna hiyo husahihishika. Hupimwa kwa haki aliyowatendea wote wawili, si kwa upande aliouchagua.

Mtaala uliotolewa mwaka 2023, ulioanza kutumika kwa hatua tangu mwaka 2024, umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Kuwekwa kwa maadili katika jina la somo, na kwa Kiswahili, ni hatua ya kupokelewa kwa furaha. Lakini ndani ya furaha hiyo yafaa kuwe na tahadhari. Maadili yakifundishwa kuwa orodha ya tabia njema, yatakuwa chumba cha nne kando ya vile vitatu. Hakuna aliyechoma kanisa kwa sababu hakujua kwamba kuchoma ni vibaya. Alijua, lakini wakati ule aliona kwamba jambo jingine lina uzito zaidi, na hakuwa na mazoezi ya kupima uzito katika saa ya hasira. Mazoezi hayo hayapatikani kwa kukariri majina ya fadhila. Hupatikana kwa kubishana kwa adabu, mara nyingi, juu ya mambo magumu, pamoja na watu wasiokubaliana nawe, ukiwa bado kijana.

Mila ya Kiswahili haikosi chombo cha kazi hiyo. Washairi wa pwani walijibizana kwa mashairi kwa vizazi vingi, mmoja akifunga fumbo na mwingine akilifungua, na kanuni ya kwanza ya malumbano ilikuwa kwamba anayejibu ayapokee maneno ya mwenziwe kwa vina na mizani yake kabla ya kuyapinga. Shaaban Robert, katika Kusadikika ya mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya mfalme na baraza, akishitakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye akajitetea kwa hoja na hadithi, si kwa kelele. Watu wa Athens walimshitaki Socrates kwa kosa la jamii hiyohiyo. Mwanafunzi anayesoma Kusadikika amekwisha kuwekwa katika kiti cha baraza. Kinachobaki ni kumwambia kwamba kiti hicho ni chake, na kwamba atakikalia maisha yake yote: nyumbani, kazini, na katika mtaa wake.

Kwa hiyo si lazima Temeke ingoje somo jipya, wala kitabu kipya, wala chumba kipya. Mlango mmoja katika ukuta ungetosha kwa kuanzia. Mara moja kwa muhula, darasa la Diviniti na darasa la Maarifa ya Uislamu wangeweza kuketi pamoja na mwalimu wa Kiswahili, hadithi ya Ibrahimu ikiwa mkononi mwa kila mmoja kama kitabu chake kinavyoisimulia, na Kufikirika ikiwa juu ya meza. Kila mwanafunzi angetakiwa kwanza kueleza masimulizi ya mwenziwe mpaka mwenziwe aseme, ndivyo hivyo. Hapana ambaye angebadili dini siku hiyo. Lakini wangetoka wakijua njia ya tatu, ile iliyokosekana Mbagala mwaka 2012, baina ya kunyamaza na kuchoma.